Maharage ya Cajun ya oveni kwa watu 30: kopo au makavu, soseji au kima?

Jirani wa Houston, Texas, au Lake Charles, Louisiana, akikwambia "njoo na maharage", hana maana ya maharage ya nazi. Anataka trei ya foili iliyotoka kwenye oveni, maharage yamezama kwenye rojo zito la kahawia, tamu kiasi, lina haradali na pilipili, na vipande vya nyama ya moshi vimechomoza juu mpaka vimeanza kuungua kingo. Trei hiyo inawekwa mezani pamoja na mbavu za kuchoma, brisket (kidari cha ng'ombe kilichochomwa polepole) na saladi ya viazi, na ikipikwa vizuri huwa ya kwanza kuisha.

Mapishi yake ni mengi mno, na mengi yanaandikwa kana kwamba njia zote zinakufikisha pamoja. Hazikufikishi pamoja. Nitalinganisha zile ambazo mtu wa kawaida mwenye oveni moja anaweza kuzifuata, kwa wageni 30, na wageni wenyewe wawe mchanganyiko: wenyeji wa Kusini mwa Marekani kwa upande mmoja, watu wa kwetu kwa upande mwingine, na kati yao wapo wasiokula nguruwe. Watu hubishana sana kuhusu nyama. Mimi naona la kuamua kwanza ni nani anayeshika chumvi na sukari: wewe, au kiwanda.

Kwanza, ni maharage ya nani?

Watu wa Cajun ni kizazi cha Waakadia, walowezi wa Kifaransa ambao Waingereza walianza kuwafukuza Nova Scotia, Kanada ya leo, mwaka 1755. Wengi waliishia kusini mwa Louisiana. Maharage ya kuokwa kwa molasi na nguruwe wa chumvi yana jina huko Boston, kaskazini kabisa. Kusini mwa Louisiana, ukiingia mkahawa wa chakula cha mchana pande za Lafayette, ni kawaida kukuta maharage meupe juu ya wali, wala hayajaonja sukari. Kwa hiyo trei hii ni mkutano wa pande mbili: utamu wa kaskazini, na viungo na nyama ya kusini.

Kinachoyafanya yaitwe ya Cajun ni kitunguu, pilipili hoho ya kijani na seleri vikikaangwa pamoja (wenyewe huviita utatu mtakatifu), halafu nyama iliyokaa kwenye moshi, halafu pilipili yenyewe. Ukiviacha hivyo umepasha moto kopo tu. Na ukibahatika kupata shira ya miwa ya Steen's, inayotengenezwa Abbeville, Louisiana, tangu 1910, tumia hiyo badala ya molasi nyeusi. Haina ule uchungu wa mwishoni.

Maharage yenyewe: njia tatu

Vipimo vya hapa ni vya watu 30 wanaokula maharage kama kitoweo cha pembeni, karibu vikombe 22 vikishaiva na nyama yake.

| | Kopo tamu | Kopo tupu | Makavu |
|---|---|---|---|
| Kiasi | makopo 5 ya gramu 794 | makopo 8 ya gramu 425 | gramu 900 |
| Kazi kabla ya oveni | kukaanga nyama na vitunguu | hiyo hiyo, na kusuuza | kuloweka usiku kucha, kuchemsha saa 1 hadi 1½, ndipo mengine |
| Sukari | imeshaamuliwa | yako | yako |
| Chumvi | imeshaamuliwa | inapungua ukisuuza | yako |
| Nguruwe | mara nyingi yumo | soma lebo | hayumo |

Kopo tamu ndilo lile linaloandikwa baked beans, au lile la bei nafuu la maharage na kipande cha nguruwe. Sifa yake ni wepesi. Unafungua, unamimina, unachanganya na nyama uliyokaanga, unatia ndani ya oveni. Kusini mwa Marekani wapishi wengi wa sherehe hufanya hivyo hivyo, na hakuna anayewacheka.

Tatizo ni hesabu ya chumvi. Ndani ya kopo tayari imo. Soseji ya moshi ina yake. Kisha mtu anachukua kikopo cha viungo vya Cajun, ambacho chumvi ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya vilivyomo, na anakitikisa juu ya sufuria kana kwamba ni binzari. Chumvi mara tatu, na hakuna uliyoipima mwenyewe. Sukari nayo ni hivyo hivyo: mapishi mengi yanakwambia uongeze kikombe cha sukari ya kahawia juu ya kopo ambalo limeshatiwa sukari. Ukichagua njia hii, usiongeze sukari hata kijiko. Ongeza vya kuzima utamu: siki, haradali, pilipili. Na tafuta viungo visivyo na chumvi. Watengeneza viungo Tony Chachere's wa Opelousas, Louisiana, ambao kopo lao la kijani limejaa majiko ya huku, wana aina isiyo na chumvi kabisa.

Kuhusu nguruwe, usiangalie picha ya mbele ya kopo. Geuza usome. Aina nyingi zina bekoni au mafuta yake hata kama jina halisemi. Kampuni kubwa huwa na toleo la mboga tupu, Bush's wa Tennessee mmojawapo, na hilo ndilo la kununua kama utapikia Waislamu au Waadventista.

Kopo tupu, la maharage meupe madogo au yale ya madoa yasiyotiwa chochote ila maji na chumvi, ndilo chaguo langu kwa watu wengi. Unayamwaga kwenye chujio, unayasuuza mpaka povu liishe, na kuanzia hapo kila kitu ni uamuzi wako. Kwa makopo 8 naanza na shira robo tatu ya kikombe, sukari ya kahawia nusu kikombe, ketchup kikombe kimoja na nusu, haradali vijiko 4 vya mezani, siki vijiko 3, na sosi ya Worcestershire vijiko 3. (Hiyo sosi ina samaki ndani, mwenye mzio aambiwe.) Mimina supu au maji vikombe 2 ili kuwe na cha kukauka ndani ya oveni. Ni kazi ya dakika 10 zaidi ya kopo tamu, na bei haitofautiani sana.

Maharage makavu ni nafuu kuliko yote na ndiyo yenye ladha kubwa, kwa sababu maji yaliyoyachemsha yanakuwa supu. Lakini yana masharti. La kwanza, yaloweke kwenye maji ya chumvi, vijiko 3 vya mezani kwa lita 4. Wengi tumelelewa tukiambiwa chumvi hufanya maharage yawe magumu. Ni kinyume: chumvi ya kulowekea hulegeza ganda, na punje chache zaidi ndizo hupasuka. Yamwage maji hayo, suuza, kisha chemsha kwa maji mapya.

La pili ndilo linaloharibu sherehe nyingi. Maharage hayalainiki ndani ya sosi. Siki, nyanya, sukari, na madini ya kalsiamu yaliyomo kwenye molasi, vyote hushikilia ganda na nyama ya punje zisilegee. Ukiyatia kwenye oveni yakiwa nusu ngumu, ukitegemea saa mbili za moto zitamalizia, yatatoka vile vile. Kwa hiyo yaive kabisa kwanza. Chota machache kwa kijiko uyapulize. Ganda likijikunja, yanakaribia. Kisha tafuna matano kutoka sehemu tofauti za sufuria. Moja likiwa na kiini kigumu, sufuria nzima bado. Faida ya sheria hiyo ni kwamba yakishalainika, sosi inayashikilia yasivurugike, ndiyo maana maharage ya oveni hubaki na umbo baada ya saa nyingi.

Makavu nayachagua pale tu ninapopata bata mzinga wa moshi wa kuyachemshia. Bila hivyo, ndani ya rojo lenye haradali, shira na pilipili, sidhani mgeni wako mmoja kati ya kumi atatofautisha makavu na kopo tupu.

Nyama

Andouille ndiyo sauti yenyewe ya Louisiana: soseji nene ya nguruwe iliyokatwakatwa vipande vikubwa badala ya kusagwa laini, kitunguu saumu kingi, pilipili, na moshi mrefu. Mji wa LaPlace, kando ya Mto Mississippi, ukipanda na mto kutoka New Orleans, unajiita mji mkuu wa andouille duniani. Ikate nusu duara unene wa kidole kidogo, panga kwenye kikaango kikavu bila mafuta, upande uliokatwa chini, na usiiguse. Baada ya dakika chache mafuta ya rangi ya chungwa yatatoka yenyewe na kingo zitaanza kujikunja. Hapo geuza. Ukishatoa vipande, kitunguu, hoho na seleri viingie humo humo kwenye mafuta hayo, na majimaji yake yakianza kutoka, kwangua chini ya kikaango kwa mwiko wa mbao. Ile kahawia iliyoganda chini ndiyo nusu ya ladha ya trei nzima, na anayeosha kikaango kabla ya kukaanga vitunguu ameimwaga kwenye sinki.

Kwa wasiokula nguruwe, kuna andouille ya ng'ombe na soseji nyingine za ng'ombe za moshi. Hapa Houston maduka ya nyama ya halali yamejaa mtaa wa Hillcroft. Soseji ya ng'ombe hutoa mafuta machache zaidi, kwa hiyo ongeza kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya kupikia kwenye kikaango.

Kima ndiyo nyama ya wengi kwenye mapishi haya, na sababu ni za maana. Ni rahisi kupata, halali inapatikana kila mahali, na kila kijiko cha maharage kinatoka na nyama. Hakuna mgeni atakayelalamika kuwa alipata maharage matupu. Upungufu wake ni kwamba haina moshi, na ikikaa saa mbili kwenye oveni huwa chenga chenga. Ikaange kwa mafungu, moto mkali, iachwe ishike rangi. Ukitia kilo mbili kwa mpigo inachemka kwenye maji yake, inakuwa ya kijivu, na hakuna kiungo kitakachoiokoa. Kamua mafuta yaliyozidi, la sivyo yataelea juu ya trei ikipoa. Paprika ya moshi vijiko viwili husaidia kuziba pengo la moshi.

Bata mzinga wa moshi, shingo au mabawa, ndiye aliyechukua nafasi ya vifundo vya miguu ya nguruwe kwenye majiko mengi ya Kusini. Yeye anahitaji muda: saa moja na nusu hadi mbili ya kuchemka mpaka nyama iachane na mfupa. Ndiyo maana anaendana na maharage makavu na wala si ya kopo; wakati yeye anatoa supu, maharage yanaiva humo humo. Toa mifupa yote, hasa ile midogo ya shingoni, kama kuna watoto. Tena, bata mzinga wa dukani si lazima awe wa halali kwa sababu tu si nguruwe.

Tasso, nyama ya bega la nguruwe iliyopakwa viungo na kukaushwa kwa moshi, watu huinunua wakidhani ni nyama ya kujaza trei. Ni kiungo. Gramu 200 zilizokatwa vipande vidogo zinatosha.

Mabaki ya brisket yaliyokatwakatwa ni mazuri kuliko vyote, na kama mwenye sherehe anachoma brisket muombe zile kingo nyeusi. Kununua brisket kwa ajili ya maharage, hapana.

Mimi huchanganya: kilo moja ya soseji ya ng'ombe ya moshi na nusu kilo ya kima. Kima inaenea, soseji inaonekana. Ukitaka chakula kizito zaidi panda hadi kilo mbili kwa jumla. Ukizidi hapo ni nyama yenye maharage.

Oveni, jungu la umeme, au jiko la moshi

Oveni, nyuzi 165 za Selsiasi, bila kufunika, saa moja na nusu hadi mbili. Juu panakauka na kuwa na gamba, rojo linapungua na kushika. Koroga mara moja tu katikati, kisha acha gamba lijijenge.

Jungu la umeme la kupika polepole linaacha oveni iwe huru kwa kuku, na linaweka chakula moto ukumbini mradi kuna soketi. Halitoi gamba, na mvuke unarudi ndani, kwa hiyo punguza maji kwa nusu. Kosa moja halina msamaha: usianze na maharage mekundu makavu humo. Yana sumu ya asili inayoharibiwa na kuchemka kwelikweli. Mamlaka ya chakula ya Marekani inashauri kuyaloweka angalau saa 5, kumwaga maji hayo, na kuyachemsha kwa dakika 30. Moto mdogo wa jungu unaweza usifike huko, na maharage mekundu yaliyopashwa nusu nusu yanaweza kuwa na sumu zaidi ya mabichi. Ya kopo yameshaiva, hayana shida hiyo.

Jiko la moshi ni la mwenye nalo. Trei huwekwa chini ya brisket ili mafuta yadondokee humo, na ladha yake huwezi kuiiga ndani. Hakikisha tu kwamba trei inabaki motoni muda mrefu baada ya tone la mwisho la nyama mbichi.

Lakini je, wageni wako wanataka maharage matamu?

Swali hili lingestahili kuwa la kwanza. Kwenye sherehe moja ya kipaimara niliona mama mmoja wa Mombasa akionja kijiko, akakiweka chini taratibu, akamgeukia kijana aliyepika: "Mwanangu, haya ni maharagwe ama ni faluda?" Kijana akacheka, "Shikamoo mama, ndivyo wanavyopika huku." Mama akaitikia marahaba na kusogeza sahani. Trei ile, iliyotoka kwenye makopo matamu na kuongezewa sukari, Wamarekani waliimaliza. Kwenye meza za wazee haikuguswa.

Aliyezoea maharage ya nazi au mbaazi anajua ulaini na anajua viungo. Sukari pamoja na nyama ndiyo inayomshtua. Kama wengi wa wageni wako ni hao, kuna chungu kingine cha Louisiana kinachowafaa zaidi: maharage mekundu na wali, chakula cha Jumatatu cha New Orleans. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na chungu kiliachwa kikichemka peke yake na mfupa wa nguruwe uliobaki Jumapili. Louis Armstrong alikipenda mpaka akawa anamalizia barua zake kwa kukitaja. Viungo ni vile vile: kitunguu, hoho, seleri, andouille. Hakuna sukari, hakuna ketchup. Ukikaribia mwisho unaponda maharage machache kwenye ukuta wa sufuria ili mchuzi uwe mzito. Si Cajun halisi, ni mapishi ya Wakrioli, watu wa mjini New Orleans, na Mcajun mkali anaweza kukukumbusha hilo, lakini Mswahili atajaza sahani.

Kwa hiyo: barbeque ya wenyeji, pika ya oveni. Harusi au Eid ya watu wa kwetu, pika mekundu na wali mweupe. Wageni nusu kwa nusu, pika ya oveni kwa kopo tupu na ukate sukari yote ya kahawia, ubaki na shira peke yake. Pilau usiiweke karibu nayo, viungo vitagombana. Na ugali na rojo tamu, mimi siwezi, wapo wanaoweza.

Kuyafikisha ukumbini

Gawa kwenye trei mbili za nusu saizi badala ya moja kubwa. Trei moja ya foili iliyojaa lita 5 hupinda katikati ukiinyanyua, hivyo weka hata hizo ndogo juu ya sinia la chuma. Trei mbili pia zinakuruhusu moja iwe na pilipili na nyingine ya watoto, au moja ya nguruwe na nyingine isiyo naye. Andika juu ya foili kwa kalamu nene, na kila trei iwe na upawa wake. Upawa mmoja ukizunguka trei zote mbili, maandishi hayana maana tena.

Zikitoka motoni, funika foili, zungushia taulo, na ziweke kwenye kasha lile la barafu likiwa kavu. Zitashika joto saa kadhaa. Zikishuka chini ya nyuzi 60, una saa mbili. Kwenye uwanja wa wazi wa Texas mwezi Julai, hesabu saa moja. Sosi ya pilipili ya Tabasco iwe mezani, kila mtu ajitilie.

Yakibaki, usiyaache kwenye trei ya foili hadi kesho, maana siki na nyanya hula alumini. Yahamishie kwenye vyombo vifupi vya plastiki au kioo, kina kisizidi vidole vitatu, na yaingie kwenye friji yakiwa bado vuguvugu. Sufuria nzito ya maharage na nyama ikiachwa ipoe yenyewe jikoni, katikati inabaki na joto usiku kucha, na humo ndimo bakteria wa kuumiza tumbo wanapozaliana.